Chunusi Moja, Nyuso Mbili

Mama Pacha alifika ofisi ya walimu akiwa na misumari kumi na moja mdomoni. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la mteja, anakaza kitambaa, simu ikalia kwamba anahitajika shuleni sasa hivi. Na fundi makochi aliyezoea kuweka misumari midogo kati ya shavu na ufizi huisahau, kama wengine wanavyosahau miwani kwenye paji la uso. Alipofungua mdomo kusalimu, misumari ikamjibia. Mwalimu wa mitihani akanyanyua macho, akangoja. Mama Pacha akaitema kiganjani mmoja mmoja, akaitia mfukoni mwa aproni, akasalimu upya.

Benchi la ukutani lilikuwa na wazazi wawili wanaosubiri zamu yao. Walikuwa wanasoma tangazo la mwaka juzi, wanalisoma kwa bidii kweli.

Mwalimu wa mitihani alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, wa wale ambao upole wao unakutoa jasho. Aliweka fomu mbili mezani, akaziweka sawa kwa rula. Kila moja ilikuwa na picha pembeni.

"Mama, huyu ni nani?"

"Huyo ni Mkubwa."

"Na huyu?"

"Huyo Dakika."

Ndivyo walivyoitwa nyumbani na mtaani, na hata walimu walishachoka kuwaita vingine. Mmoja alitangulia kuzaliwa akawa Mkubwa, mwenzake akaja dakika kumi baadaye, na hizo dakika akabebeshwa kama jina miaka kumi na sita mizima.

"Na hii chunusi ya kidevuni," mwalimu akauliza, "nayo ilizaliwa pacha?"

Mama Pacha hakuwa mtu wa kukosa neno. Alisema mapacha wana mambo yao, mwalimu. Hawa wa kwake mmoja akila pilipili mwenzake anatoka jasho. Mwalimu akatikisa kichwa kama anayejifunza. Kisha akasogeza rula. Kola ilikuwa imekunjika upande uleule. Kitufe kilekile kilikuwa wazi. Na juu ya sikio la kushoto la Mkubwa kulikuwa na kipande cha sponji kimenasa kwenye nywele, na juu ya sikio la kushoto la Dakika kilikuwepo kilekile, hakijasogea hata unywele mmoja. Kwenye benchi mtu alikohoa kikohozi ambacho hakikutoka kifuani.

"Siku ya mtihani," mwalimu akasema, "msimamizi atashika karatasi hizi, atatazama picha, atatazama mtoto. Akiona sura moja kwenye majina mawili, atamtoa mmoja nje. Sijui atamtoa yupi. Wewe unajua?"

Mama Pacha akatia mkono mfukoni mwa aproni, akaanza kuhesabu misumari.

Mwalimu akamweleza lililobaki bila kupandisha sauti. Fomu zinaondoka kesho saa sita mchana. Kabla ya hapo Dakika aje mwenyewe, na picha yake mwenyewe, aandike jina lake nyuma ya picha hiyo mbele ya macho yake. Asipokuja, jina linakatwa, na mtihani atausubiri mpaka mwaka mwingine, akiwa nyumbani anahesabu springi za makochi. Na wewe mama, akaongeza, mshukuru Mungu nimeliona mimi, halijaonwa na wa huko mbele fomu zinakokwenda.

Mama Pacha alishukuru, akatoka. Mlangoni mzazi mmoja alimpisha kwa heshima aliyoijua maana yake.

*

Tusimwonee. Jumapili aliwapanga wote wawili mbele ya kitambaa cheupe, kile anachofunikia makochi kwa chini, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi. Mkubwa akakaa. Alipogeuka kumwita Dakika, shati lilikuwa juu ya kiti, Dakika hayupo. Fomu zilitakiwa Jumatatu asubuhi. Mama Pacha akaitazama ile picha moja kwenye simu, akaona ni rehema: Mungu amewapa watoto hawa sura moja, fundi ana kazi nyingi, kwa nini ahangaike? Akaagiza nakala nne.

Tena haikuwa mara ya kwanza kwa Dakika. Ulikuwa mwaka sasa. Simu ikinyanyuliwa tu, mtoto anageuka kisogo, au anatoa ulimi mpaka kidevuni, au anajitia mto usoni. Watu wazima walisema ni umri. Umri ni neno zuri sana. Mzazi akikosa kumjua mtoto wake, analivuta na kujifunika.

Wasichana wake walirudi kutoka shuleni saa tisa. Karakana ndiyo ilikuwa sebule yao pia: mlango mmoja mpana unaotazama machweo, kochi la mteja lisilo na ngozi, mifupa ya mbao nje, na vipande vya sponji vinavyopeperuka kila mtu akipita. Mama Pacha alikuwa ameshatundika kitambaa cheupe, ameshasafisha kioo cha simu kwa upindo wa gauni. Alijua mwanga mzuri unaingia hapo kuanzia saa kumi, na kufika saa kumi na mbili umekwisha.

Alianza na amri. Akamweleza Dakika yaliyosemwa na mwalimu, yote, hata lile la kukatwa jina, akamalizia kwamba akae hapo sasa hivi. Dakika alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, amesimama kwenye mguu mmoja kama kawaida yake.

"Mtumie Mkubwa," akasema. "Si ndivyo mnavyofanya?"

Akaingia ndani.

Mama akajaribu hongo. Alisimama nje ya mlango wa chumba akataja viatu, akataja kusuka nywele kwa msusi wa kweli badala ya yeye mwenyewe, akataja hata kumwachia simu Jumamosi nzima. Akajaribu huruma: mgongo wangu huu, vidole vyangu hivi, nimechomwa na sindano kwa ajili ya nani? Ndani akasikia ukurasa wa kitabu unafunuliwa, taratibu, na mtu asiye na haraka.

Saa kumi na nusu Baba Pacha akaingia. Alikuwa dereva wa gari la maji, mtu mkubwa, mtulivu, mwenye imani kwamba jambo lolote ukiliacha lilivyo litajitatua au litasahaulika. Mkewe akamweleza. Akafikiri, akaomba chai, akafikiri tena, kisha akatoa hekima yake: Mkubwa apigwe nyingine, safari hii abadilishwe shati, nywele zilazwe upande, na chunusi ipakwe poda.

Mkewe alimuuliza kama na jina nyuma ya picha ataandika yeye, kwa mwandiko wake wa kusaini risiti za maji. Baba Pacha akaona ni heri anywe chai.

*

Mkubwa ndiye aliyetoboa siri. Alikuwa amekaa kwenye rundo la sponji akijifanya anasoma, lakini kitabu hakikugeuzwa ukurasa tangu afike. Alikuwa msichana mwenye kupanga mambo, wa kugawa nyama, wa kusema nani aoshe vyombo na nani apumzike, na anayepumzika kwa kawaida alikuwa yeye. Sasa akasema bila kumtazama mama yake kwamba yeye anajua sababu.

Alimkumbusha mama mashindano ya michezo ya mwaka jana. Dakika aliruka mbali kuliko wasichana wote, akaangukia uso, akainuka, akapokea kikombe na mchanga bado shavuni. Mama alipiga picha ile mwenyewe. Usiku uleule akaituma kwenye kundi la ukoo, akaandika: Hongera mwanangu Mkubwa. Ukoo mzima ukampongeza Mkubwa. Shangazi yao akatuma viatu vya kukimbilia, na kwenye sanduku kaandika jina la Mkubwa.

"Na wewe ukavipokea," mama akasema.

"Vilikuwa vizuri, mama."

Mkubwa hakimbii. Alikuwa akivivaa kwenda dukani.

Mama Pacha akakumbuka viatu. Hakukumbuka Dakika akisema lolote siku ile, na sasa akaona kwamba hilo lenyewe ndilo lilipaswa kumshtua, maana Dakika ni mtoto wa kulalamika hata kijiko kikibadilishwa. Akachukua simu, akaketi kwenye ubao wa kochi, akaanza kupitia picha. Siku ya sare mpya. Siku ya mvua kubwa. Wawili mlangoni, mmoja peke yake dirishani, mmoja na kuku. Kila picha alijiuliza ni yupi, na kila picha alijibu haraka, kisha akajiona anasita. Wakiongea anawajua, hata gizani. Wakinyamaza wanampotea. Na picha haineni.

Kwenye ile ya kuku akamwita mumewe. Baba Pacha akatazama karibu, akatazama mbali, akasema kwa uhakika kabisa kwamba anamfahamu kuku.

*

Dakika alikuwa amekaa kitandani na kitabu cha jiografia magotini. Mama hakubisha hodi wala hakuanza kwa salamu. Akakaa chini, sakafuni, kama anavyokaa kazini, akaegemea kitanda.

Alisema amekuja kuomba msamaha wa ile picha ya mchanga. Dakika akasema haina neno, kwa sauti ile ambayo maana yake ni kwamba neno lipo tena refu. Mama akasema kuna jingine. Alilishika miaka kumi na sita, hata baba yao halijui, na bora alitoe leo kuliko kwenda nalo kaburini.

"Mlipozaliwa nilimfunga wa kwanza uzi mwekundu mguuni," akasema. "Ndiyo tukawa tunajua. Siku ya arobaini na kitu nikawaogesha wote kwenye beseni moja. Nilipowatoa, uzi ulikuwa unaelea kwenye maji."

Kitabu cha jiografia kikafungwa.

"Ukafanyaje?"

"Nilikaa nikawatazama. Mmoja analia, mwingine anapiga chafya. Nikasema anayelia ndiye mkubwa, maana wakubwa wana makelele. Nikamfunga uzi."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, mwanangu. Tena si siku hiyo tu. Kuna mara nilimnyonyesha mmoja mara mbili, mwenzake akalala na njaa, na alivyolia nikamwambia anadeka. Nimekuwa nikikisia tangu mwanzo, na kila nikikisia nimeona aibu kuuliza. Basi leo nauliza. Nifanyeje nikujue?"

Midomo ya Dakika ilikuwa imebanwa, mabega yanatikisika, na mama akadhani amemliza, akawa anatafuta la kusema. Kumbe mtoto anacheka. Alianza kimya kimya, kisha akalala chali akacheka mpaka kitanda kikalia. Na kabla hajamaliza, mlango ukafunguka kwa kishindo, maana Mkubwa alikuwa nyuma yake muda wote na sikio kwenye ubao.

"Kwa hiyo mimi naweza kuwa mdogo?"

Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa nyumba aliyokuwa akipangisha si yake. Nyama zote zile. Vyombo vyote vile alivyoagiza vioshwe kwa haki ya uzawa. Dakika akajifuta machozi, akaketi vizuri, akanyoosha mgongo, na kwa upole mkubwa akasema:

"Nenda kaniletee maji, mdogo wangu."

Na Mkubwa, kwa mshtuko, akaenda. Alirudi na glasi mkononi, akakumbuka katikati ya chumba anachofanya, akataka kuyanywa mwenyewe, lakini Dakika alikuwa ameshanyoosha mkono. Sebuleni Baba Pacha, aliyesikia maneno hayo na kumwona Mkubwa akitii, alipaliwa na chai ikabidi apigwe mgongoni.

*

Sharti la Dakika lilikuwa moja tu. Atapigwa picha, lakini mama ataitazama kila moja, na mpaka mama aone moja ambayo ana hakika kwamba huyo ni Dakika na hawezi kuwa mtu mwingine duniani, hawatoki pale. Asidanganye. Akidanganya, Dakika atajua.

Ilikuwa saa kumi na moja. Mwanga ulikuwa umelala sakafuni, wa dhahabu, unapanda kitambaa cheupe taratibu. Dakika akakaa kwenye stuli. Mama akamwambia anyooshe shingo, ainue kidevu, asitabasamu, kama ilivyoandikwa kwenye fomu. Akapiga. Wakatazama pamoja.

"Nani huyu?" Dakika akauliza.

Mama akaguna. "Huyu ni Mkubwa. Au yupo kwenye msiba."

Ya pili ikawa askari. Ya tatu, Mkubwa anaumwa jino. Mkubwa mwenyewe, aliyekuwa akishika kitambaa kisipepee, akasema atashukuru jina lake lisitumike kwa kila picha mbaya. Ya nne macho yamefumba. Ya tano Baba Pacha alijitolea kuchekesha, akasimama nyuma ya mama na sufuria kichwani, na mtoto badala ya kucheka akafunika uso kwa aibu ya kuzaliwa na mtu huyo.

Mama akashusha simu. Akafanya kitu ambacho angekifanya kwa kochi. Ana wateja wanaoleta seti nzima, viti viwili vya mkono vilivyotoka kiwanda kimoja siku moja, na wenyewe hawawezi kuvitofautisha. Mama Pacha anaweza, maana kila kiti kina upande wake wa kulalia. Anapitisha mkono mpaka aupate. Hunyooshi kochi kwa amri. Unalisikiliza limezoea nini.

"Acha kunyoosha shingo," akasema. "Kaa unavyokaa."

Dakika akalegea. Kichwa kikaenda kushoto, kidogo tu, kama mtu anayesikiliza jirani akigombana. Mama akasogea, akasogea tena, simu iko chini bado. Akaona unyusi wa kulia ulio na unywele mmoja mbishi unaosimama peke yake. Akaona jinsi tundu za pua zinavyofunguka kwanza, kabla ya kicheko, kabla hata ya mwenyewe kujua kwamba atacheka. Alikuwa ameviona hivi vyote kila siku, kama mtu anavyoiona saa ya ukutani bila kujua ina namba za rangi gani.

"Mbona unanitazama hivyo?" Dakika akauliza.

"Nimechelewa kukujua."

Mtoto akatazama chini, kisha akainua macho. Mkubwa nyuma ya kitambaa akanong'ona kwamba mkono unamuuma na kwamba mdogo wa watu anateseka. Tundu za pua zikafunguka. Midomo ilikuwa bado imefungwa, kwa adabu zote za fomu. Mama akabonyeza.

Hakumngoja aulize. Alitazama kioo, akakirudia, kisha akamgeuzia simu Dakika na kumwambia, huyu ni wewe, na hata nikiwekewa mia nitamtoa. Dakika alimtazama mama usoni kuona kama anadanganya. Akamtazama muda mrefu. Halafu akateremka kwenye stuli, akaomba wapige nyingine tatu, za ziada, na moja ya ulimi nje kwa ajili ya kundi la ukoo, ila safari hii jina ataandika yeye. Ilipotumwa, shangazi alijibu palepale kuuliza mwenye ulimi ule kalelewa na nani, na je, anavaa kiatu namba ngapi.

*

Saa nne asubuhi Dakika aliandika jina lake kamili nyuma ya picha, kwa herufi kubwa kuliko zilizohitajika. Mwalimu wa mitihani akaibandika kwenye fomu. Akaweka fomu ya Mkubwa kando yake, akachukua rula, akapima, akazitazama kwa muda mrefu kiasi cha Mama Pacha kuanza kuhesabu dhambi zake nyingine.

"Mama," mwalimu akasema, "hawa kweli ni mapacha? Mbona hawafanani kabisa?"

Dakika akamwahi mama yake, akajibu kwamba ndivyo watu wanavyosema. Mwalimu akagonga mhuri mara mbili, akazitia fomu kwenye bahasha pamoja na nyingine, na Dakika akapelekwa darasani na mhuri bado haujakauka.

Mama alikuwa ameshafika getini alipoona sweta la mtoto limebaki mkononi mwake. Ilikuwa wakati wa mapumziko, uwanja umejaa. Wasichana mia mbili, sketi zilezile, mashati yaleyale, na wote wamempa mgongo wakitazama mpira wa wavu. Kwa umbali ule hakuweza kuisikia sauti ya mtoto wake. Mama Pacha akasimama akatazama visogo. Kisha akanyoosha kidole na kuita kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na nyundo:

"Dakika. Sweta lako, mama, utashikwa na kikohozi usiku."

Mpira ukasimama. Wasichana mia mbili wakageuka, wakaanza kucheka. Kule kwenye kidole chake, msichana mmoja mwenye shingo iliyolalia kushoto alifumba macho kwa fedheha, akamgeukia mwenzake, na kwa sauti ambayo uwanja wote uliisikia akasema kwamba yeye hamjui yule mama.

Mama Pacha akalitundika sweta getini, akaenda zake kazini. Njiani watu walimwona anacheka peke yake, na wakampisha. Kumkana mama mbele ya shule nzima ni kosa, atamsema jioni. Lakini alimpata kwa kisogo, hatua hamsini, bila kukisia.